Virusi Huwa Wapi Wakati wa Kiangazi?

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu na wanafunzi,

Naomba hoja ya leo niijenge juu ya Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo na binadamu ambao watafiti wa maabara ya mifugo ya Kabete, Kenya, waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha. Daktari aliyezoea kumhudumia mgonjwa kitandani huuliza ni kimelea gani kimemwingia na ni tiba gani itamfaa. Maswali hayo ni ya lazima, lakini hayaelezi kwa nini ugonjwa hutoweka kwa miaka mingi, kisha ukazuka ghafla katika wilaya zilizo mbalimbali. Mwanaikolojia huuliza: wakati hakuna anayeumwa, virusi viko wapi?

Viko ardhini. Nyanda kavu zina mabonde madogo yasiyo na kina, ambayo mpita njia wa kiangazi hata hayatambui. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye udongo wa mabonde hayo, na baadhi ya mayai hurithi virusi kutoka kwa mama. Udongo ukikauka, mayai hubaki hai kwa miaka. Mvua kubwa ikituamisha maji, mbu huanguliwa wakiwa na maambukizi tayari, wakauma ng'ombe, mbuzi na kondoo, ambao huanza kutupa mimba. Mbu wa jamii ya Culex, wanaozaliana baadaye katika maji yayo hayo, huueneza ugonjwa zaidi. Mfugaji anayemsaidia kondoo kuzaa kwa mikono mitupu, au anayemchinja mnyama aliyedhoofika ili asipate hasara yote, huambukizwa kwa damu.

Ndiyo maana milipuko ya 1997–98 na 2006–07 ilifuata mvua za El Niño. Mwaka 1999 wanasayansi walionyesha kwamba joto la Bahari ya Pasifiki na la Hindi, likisomwa pamoja na picha za setilaiti za uoto, lingeweza kuutabiri mlipuko hadi miezi 5 kabla. Mwaka 2006 tahadhari ilitolewa mapema kweli. Hata hivyo, wagonjwa walionekana Garissa mwezi Desemba, na chanjo ya mifugo ikaanza Januari. Hilo linanisikitisha sana, kwa kuwa fedha za chanjo zinapaswa kutengwa katika miaka ya ukame: kundi likishaambukizwa, sindano moja inayopita kutoka mnyama hadi mnyama inaweza yenyewe kuvieneza virusi.