Mkaa wa pumba dhidi ya metali nzito shambani

REHEMA: Karibuni tena. Leo kaka Salum katuletea habari za mpunga wa China, na si nzuri.

SALUM: Si nzuri hata kidogo, dada. Mwaka 2013 mamlaka za Guangzhou zilipima mchele, zikakuta sampuli kadhaa zimezidi kiwango cha kadimiamu, metali nzito yenye sumu, miligramu 0.2 kwa kilo. Mwingine ulitoka Hunan, jimbo lenye migodi. Mwaka uliofuata, yakatoka matokeo ya upimaji wa udongo nchi nzima: asilimia 19.4 ya sampuli za mashamba zilikuwa juu ya kiwango cha uchafuzi, kwa kadimiamu na vichafuzi vingine.

REHEMA: Karibu moja katika kila tano! Na shamba halihamishiki.

SALUM: Ndipo watu wakageukia bayochari. Mabua au pumba unazichoma kwenye tanuri lenye hewa kidogo mno, nyuzi 300 hadi 700 hivi. Haziwi majivu, zinabaki mkaa uliojaa vitundu.

REHEMA: Na huo mkaa unaiondoa metali?

SALUM: Hauiondoi. Ukipima udongo, kadimiamu yote ipo palepale. Inayopungua ni ile iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, ambayo ndiyo mizizi inaifyonza. Mkaa unashusha tindikali, metali inanasa juu yake au inageuka chumvi isiyoyeyuka.

REHEMA: Tindikali hata chokaa inashusha.

SALUM: Tena kwa bei nafuu, usiidharau. Ila balaa liko kwa aseniki, sumu nyingine ya udongoni. Metali ya risasi na kadimiamu zina chaji chanya, zinavutwa na mkaa. Aseniki mara nyingi ina chaji hasi. Ukimwaga mkaa mtupu, tindikali ikashuka, aseniki iliyokuwa imetulia inaweza kuachiliwa.

REHEMA: Kumbe unajitia hasarani mwenyewe!

SALUM: Ndiyo sababu ya kuutibu kwanza. Unauloweka kwenye maji yenye kloridi ya chuma, kisha unaukausha. Unapata wekundu fulani wa kutu. Kutu hiyo ndiyo inayoikamata aseniki.

REHEMA: Lakini mpunga unakaa majini, kaka.

SALUM: Hapo sasa! Shamba likifurika muda mrefu, kutu inayeyuka na aseniki inatoka. Ukilikausha, aseniki inatulia, kadimiamu inaamka. Kwa hiyo mkulima wa Bangladesh anayemwagilia kwa kisima chenye aseniki, na mwenzake wa Hunan, ushauri wao hauwezi kuwa mmoja. Anayekuuzia mfuko kabla hujapima udongo, mimi namkimbia.

REHEMA: Kiasi gani kinahitajika?

SALUM: Jaribio moja la mpunga huko Jiangsu lilifika tani 40 kwa hekta.

REHEMA: Ngoja... kilo 4 kila mita ya mraba?

SALUM: Ndiyo. Bustani ya mchicha unaweza. Ekari kumi, labda uwe jirani na kinu cha kukoboa mpunga.

REHEMA: Kuna msikilizaji anauliza kama chenga za mkaa wa kupikia zinafaa.

SALUM: Kwa kadimiamu au risasi zinaweza kusaidia kidogo, azisage na kuzimwagia maji kwanza, vumbi lake si la kuvuta. Ila asichome mbao za rangi wala nguzo zilizotiwa dawa. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromiamu na aseniki yenyewe.