Ipange File Explorer ikufuate wewe (Windows 11 na 10)

Niaje wana Chuga, karibuni. Leo hatudauniliodi kitu na hatununui kitu. Tunachukua File Explorer, lile dirisha ambalo wengi bado tunaliita My Computer, tunalipanga lifuate mazoea ya mtu anayekaa kaunta: mwenye steshenari, dada wa ofisi ya utalii, mwalimu wa Ngaramtoni mwenye mitihani ya shule nzima kwenye mashine moja. Hapa natumia Windows 11. Windows 10 mambo ni yaleyale, vitufe tu vimekaa kwingine. Ndiyo, Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na ndiyo, bado imejaa mjini.

Bonyeza kitufe cha Windows na E. Nukta tatu pale juu, Options. Wa Windows 10, nenda View, halafu Options, mwisho kabisa kulia. Palipoandikwa Open File Explorer to, chagua This PC. Apply. Tunasonga.

Usitoke kwanza kwenye ukurasa huu. Shuka chini, Privacy. Toa tiki ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni, toa ya folda zinazofunguliwa sana, kisha bonyeza Clear. Hili si urembo. Mteja akiinama kwenye skrini akuonyeshe faili lake, asikute kitambulisho cha NIDA cha mteja aliyetoka sasa hivi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, hiyo ni aibu ya duka.

Haya, tabo ya View. Shuka mpaka Hide extensions for known file types, ile inayoficha mkia wa jina la faili, kama .docx. Toa tiki. Apply, OK. Hii ndiyo tiki yenye faida kuliko zote kwa mtu anayepokea flashi za watu kutwa.

Ngoja nivute kamera karibu, mwanga wa dirishani unapiga kwenye kioo. Sawa. Ona flashi hii. Kuna kitu kina ikoni ya folda, na kabla hatujatoa tiki kilisomeka PICHA, basi. Sasa kinasomeka PICHA.exe. Folda haina .exe, chalii yangu. Hiyo ni programu iliyovaa sura ya folda. Usiibofye, hata kwa kutaka kuhakikisha.

Iko na nyingine yenye ujanja zaidi: njia ya mkato, yaani shortcut, ikoni inayokupeleka kwenye kitu kilichoko kwingine. Mkia wake ni .lnk, na huo Windows haiuonyeshi hata ukitoa tiki. Kwa hiyo unatazama vitu viwili: kishale kidogo kwenye kona ya ikoni, na safu ya Type inayosema Shortcut. Folda za mteja ndani ya flashi yake hazina sababu ya kuwa na kishale. Mara nyingi kazi zake bado zimo humohumo, zimefichwa tu. Rudi Options, View, washa Show hidden files, halafu toa tiki ya Hide protected operating system files, utaziona zimepauka. Ukishazikopi, hiyo ya protected irudishe. Ukiiacha wazi, kila folda itakuonyesha desktop.ini na vitu vya mfumo, na kuna siku kijana wa zamu ataona anasafisha uchafu.

Jambo moja kuhusu mikia ya majina. Ukibadilisha jina, tumia F2. Windows yenyewe inachagua jina tu na kuuacha mkia. Andika juu yake, Enter. Ukifuta .docx, faili halijafa, ila Word haitajua kuwa ni lake. Rudisha mkia, litafunguka.

Sasa muonekano. Ingia folda ya kazi yoyote, bonyeza Ctrl, Shift na 6. Hiyo ni Details: jina, tarehe, aina, ukubwa. Bofya kulia kwenye kichwa cha safu, pale unaongeza na kupunguza. Mimi Date created siiweki kabisa, kwa sababu ukikopi faili kwenda diski nyingine inaandika tarehe ya leo. Date modified ndiyo ya kuaminika, bofya kichwa chake mpaka mapya yawe juu. Wenye picha za Tarangire na Ngorongoro, ongezeni Date taken, inasoma saa ya kamera. Kama saa ya kamera haijawekwa sawa, hapo mlaumu kamera. Safu zikibana majina, shika Ctrl ubonyeze alama ya kujumlisha iliyo upande wa namba, zote zinajinyoosha.

Umeipenda sura hiyo? Rudi Options, View, bonyeza Apply to Folders. Kitufe kikiwa cha kijivu kama hiki mnachokiona, maana yake dirisha liko Home, haliko ndani ya folda ya kawaida. Funga, ingia folda yenyewe, fungua Options tena. Umeona? Kimewaka. Sasa tazama jirani yake: Reset Folders. Vimekaa bega kwa bega. Cha kwanza kinasambaza ulichopanga, cha pili kinarudisha vya kiwandani. Soma kabla ya kubofya.

Na hapa ndipo watu husema "mbona haijakubali kwenye folda nyingine?" Windows inagawa folda kwa aina: General items, Documents, Pictures, Music, Videos. Apply to Folders inagusa aina ile tu uliyosimama. Huo si ubovu, ni msaada. Folda za barua na ankara zipe Details. Kisha ingia folda ya picha, bonyeza Ctrl, Shift na 2, ikoni kubwa, halafu Apply to Folders tena. Mteja wa pasipoti saizi anachagua sura yake kwa jicho bila wewe kufungua moja moja. Folda ya picha ikikataa kufuata, bofya kulia, Properties, Customize, chagua Pictures, weka tiki ya kugusa na folda za ndani. Downloads nayo ina tabia zake: inapanga kwa makundi, leo, jana, wiki iliyopita. Ukichoka nayo, bofya kulia mahali patupu, Group by, None.

Pembeni kushoto, bandika folda unazogusa kila siku: bofya kulia, Pin to Quick access. Zisizidi saba, zikizidi unarudi kutafuta. Kuitoa ni Unpin, basi. Usishike Delete, maana pale unashughulika na kitu chenyewe.

Sasa tulieni. Tunahamisha Documents kutoka C kwenda D. Mashine nyingi za refabishi tunazouza hapa zina SSD ya GB 256 kwa ajili ya C na diski ya kawaida ya GB 500 kwa D. Siku Windows ikigoma na fundi akaiformati C, kazi zako ziwe ziko D.

Kabla hujagusa chochote, ingia D, tengeneza folda mpya, iite Documents. Tunahamia ndani ya folda hiyo. Hatuhamii D yenyewe. Nasema tena, hatuhamii D yenyewe.

Funga Word na Excel, faili lililo wazi litakataa kuhama. Kama ni desktop isiyo na UPS na umeme leo unachezacheza, acha mpaka utulie. Bofya kulia Documents ya zamani, Properties, Location. Njia ikiwa na neno OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) ndani yake, simama hapo, kazime backup ya Documents kwenye mipangilio ya OneDrive kwanza. Kama haina, bonyeza Move, nenda D, fungua ile folda mpya, Select Folder. Toa mkono kwenye mausi. Soma boksi. Lazima lisomeke D:\Documents. Likisomeka D:\ peke yake, Cancel. Usiseme "nitarekebisha baadaye". Ukikubali, Windows inaihesabu diski nzima kuwa ndiyo Documents, na ukijaribu kurudisha inataka kubeba kila kilichomo D. Kuinasua ni kazi ya kuingia kwenye Registry, mipangilio ya ndani kabisa ya Windows, na huko simpeleki mtu kwa video.

Linasomeka D:\Documents? Haya, OK. Itauliza kama ihamishe na mafaili ya zamani. Yes. Ukibofya No utafungua Documents na kuikuta tupu, roho itakudunda, kumbe kazi ziko palepale C, ndani ya Users, kwenye jina lako. Desktop na Pictures zinahama hivihivi, na kila moja inatengenezewa folda yake kwanza. Kila moja na yake.

Ya mwisho, tamu kwa wa steshenari. Tengeneza D:\ZA KUPRINTI. Bonyeza Windows na R, andika shell:sendto, Enter. Ndani ya folda iliyofunguka weka njia ya mkato ya ZA KUPRINTI. Sasa faili lolote kwenye flashi ya mteja: shika Shift, bofya kulia, achia Shift, Send to, ZA KUPRINTI. Shift ni ya Windows 11, inakuletea menyu ndefu ya zamani moja kwa moja. Windows 10 bofya kulia tu.

Angalizo: Send to inafuata sheria ileile ya kuburuta. Kutoka flashi kwenda D, inakopi. Kutoka D kwenda D, inahamisha, na faili linatoka lilipokuwa. Ukitaka nakala ndani ya diski hiyohiyo, shika Ctrl wakati unabofya jina la folda kwenye menyu. Jaribuni na faili la kutupa kwanza, na jioni kabla ya kufunga duka futeni vya wateja vilivyobaki humo kwa Shift na Delete, visiende kukaa Recycle Bin.