Nyanya Zikiiva Zote kwa Mpigo

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha bustani na jiko. Mimi ni Zuhura, na niko na kaka yangu Musa, ambaye ameingia studio na udongo kwenye kucha.

MUSA: Ningenawa, dada, usingeamini nimetoka bustanini.

ZUHURA: Haya bwana. Leo tunazungumzia mavuno yanayokuja kwa kishindo. Unakaa unachungulia nyanya za kijani, unachungulia tena, halafu ghafla ndoo imejaa, majirani wameshagawiwa, na mimea bado inazidi kutoa.

MUSA: Hapo ndipo watu hukumbuka kuuliza, "Hivi nyanya zinahifadhiwaje?" Mimi naona swali hilo limechelewa. Lingeulizwa mbegu zikiwa bado kwenye pakiti.

ZUHURA: Kwa nini mapema hivyo?

MUSA: Kwa sababu nyanya zina tabia mbili. Kuna zile fupi, zikifika kimo chao zinaacha kurefuka, zinazaa karibu zote ndani ya wiki chache, basi. Na kuna zile ndefu zinazopanda kwenye fito, zinazozaa kidogo kidogo kwa miezi. Sasa mtu anataka rojo la kujaza chupa za mwaka mzima, lakini amepanda ndefu. Kila akivuna anapata bakuli moja, chupa haijai. Mwingine anataka nyanya tatu za kula leo na tatu za kesho, amepanda fupi, matokeo yake ni ndoo nne siku moja na baada ya hapo hana kitu.

ZUHURA: Kwa hiyo aina ya mbegu inaamuliwa na chombo utakachohifadhia.

MUSA: Chombo, na nafasi uliyo nayo jikoni. Na kama ni mboga zisizotunzika sana, mchicha, figili, saladi, usimwage mbegu zote kwa mara moja. Panda mstari mmoja, baada ya wiki mbili au tatu panda mwingine. Hizo dawa yake si chupa, ni kalenda.

ZUHURA: Vitunguu je? Maana hivyo ni rahisi, watu wanavifanya kuwa kazi.

MUSA: Vitunguu vikianza kulaza majani, acha kumwagilia. Ng'oa, vitandaze kivulini penye hewa, wiki mbili au tatu, mpaka shingo ikauke kabisa. Ukibonyeza shingo ikiwa bado laini, hicho ukile mapema. Na usivichanganye na viazi kwenye kapu moja. Basi, vitunguu vimeisha.

ZUHURA: Turudi kwenye nyanya, maana barua nyingi za wasikilizaji ni za chupa. Na hapa, kaka, naomba tuende polepole, kwa sababu kuna jambo moja linalotenganisha chupa salama na chupa ya hatari, na wengi wanadhani ni usafi.

MUSA: Usafi ni lazima, lakini hautoshi.

ZUHURA: Hautoshi. Jambo lenyewe ni asidi. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Anaishi udongoni, kwa hiyo karoti yako anayo, maharage yako mabichi yanayo. Tunamla kila siku bila shida. Lakini anatengeneza spora, yaani mbegu zake ngumu, na spora hizo maji yanayochemka hayaziui. Nyuzi 100 wala hazijali. Sasa ukizifungia kwenye chupa isiyo na hewa, yenye unyevu, chakula kisicho na uchachu, ukaiweka kabatini penye joto la kawaida, umezipa kila kitu zinachotaka. Zinaamka na kutoa sumu. Na sumu hiyo inaweza isionekane, isinuke, wala isibadilishe ladha.

MUSA: Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema, "Nimechemsha saa tatu, kwa hiyo ni salama."

ZUHURA: Hata uchemshe kutwa, joto la maji halipiti nyuzi 100 kwenye sufuria ya wazi. Mpaka ni pH 4.6, na pH ni kipimo cha uchachu. Chakula kilicho chini ya hapo, yaani kichachu zaidi, spora haziwezi kuamka ndani yake. Matunda mengi yako upande huo, na achari zenye siki ya kutosha. Hizo unaweza kuzifunga chupani na kuzichemsha kwenye maji. Mboga zisizo chachu, kama maharage mabichi, mahindi, karoti, bamia, zinahitaji joto la nyuzi 116 au zaidi, na hilo linapatikana kwenye mtungi maalumu wa presha uliotengenezwa kwa ajili ya chupa.

MUSA: Sufuria ya presha ya kupikia je? Karibu kila nyumba ninayoijua inayo.

ZUHURA: Usiitumie kwa kazi hii. Inapanda joto na kupoa haraka mno, na muda uliopimwa kwenye maelekezo haulingani nayo. Kama huna mtungi wenyewe, kausha maharage yako au yagandishe.

MUSA: Na nyanya ziko upande gani?

ZUHURA: Nyanya zinakaa mpakani penyewe. Nyingine ziko 4.3, nyingine zinapanda mpaka karibu 4.9, na zikiiva kupita kiasi uchachu unapungua. Ndiyo maana hata nyanya tunaziongezea. Kwenye chupa ya nusu lita, kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau. Ya lita moja, viwili. Na hapa nasema maji ya limau ya dukani, ya chupani.

MUSA: Yaani mimi mwenye mlimau uani ninunue limau la chupa?

ZUHURA: Kwa kazi hii, ndiyo, vumilia tu. Limau la mtini leo ni kali, kesho limepoa. La chupa uchachu wake umesawazishwa. Lako weka kwenye chai. Halafu nyanya zenyewe: zimenywe, zipondwe, zichemke, ziingie chupani za moto, uache nafasi ya sentimita moja na kidogo juu. Chupa zizame kwenye maji yanayochemka, nusu lita dakika 35, lita moja dakika 45.

MUSA: Na aliye milimani?

ZUHURA: Swali zuri, maana maji ya mlimani yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Ukipita mita 300 juu ya usawa wa bahari ongeza dakika 5, ukipita 900 ongeza 10, ukipita 1,800 ongeza 15. Na jamani, kitunguu, pilipili hoho na vitunguu swaumu vinapunguza uchachu. Ukitaka kuweka mchuzi wenye hayo yote, fuata maelekezo yaliyopimwa, usikadirie kwa jicho. Au fungia nyanya tupu, viungo utaweka siku ya kupika.

MUSA: Kinachonishangaza ni kwamba aliyeanzisha mambo haya hakujua hata kwa nini yanafanya kazi. Nicolas Appert, Mfaransa, mtengeneza peremende. Alianza majaribio yake miaka ya 1790, anajaza chakula kwenye chupa nene, anaziba kwa kizibo, anachemsha. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ikampa faranga 12,000 kwa sharti kwamba achapishe njia yake kila mtu aisome. Na Louis Pasteur alikuja kueleza habari za vijidudu nusu karne baadaye!

ZUHURA: Jikoni ilitangulia maabara. Inatokea sana.

MUSA: Lakini dada, nikuambie ukweli wangu. Pamoja na Appert na sifa zake zote, mtu mwenye bustani ndogo hahitaji chupa kiasi hicho. Kukausha kunamfaa zaidi. Nyanya zaidi ya asilimia 90 ni maji. Kilo nzima ukiikausha inabaki chini ya gramu 100 hivi, inakaa kwenye mtungi mdogo, haidai limau wala presha.

ZUHURA: Na ladha inakolea.

MUSA: Inakolea mno! Ila watu wanakosea kwenye jua. Nyanya zinavumilia jua kali. Majani, hapana. Mboga za majani ukizianika juani zinapauka, na ile karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inaharibika kwa mwanga. Zitumbukize kwanza kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili, zipoze kwenye maji baridi, zichuje, halafu zianike kivulini penye upepo, juu ya wavu, zimefunikwa kitambaa chepesi nzi wasitue. Zikiwa tayari, ukizifikicha zinavunjika. Nyanya zenyewe zinabaki kama ngozi, zinakunjika lakini hazitoi unyevu.

ZUHURA: Kwa nini kuzichemsha kwanza, kama zitapikwa tena?

MUSA: Jani likishachumwa linaendelea kufanya kazi ndani kwa ndani. Kuna vimeng'enya vinavyoharibu rangi na ladha hata likiwa kavu, hata likiwa kwenye friza. Maji ya moto yanavinyamazisha.

ZUHURA: Na zikishakauka, moja kwa moja mtungini?

MUSA: Mtungini ndiyo, lakini usijaze mpaka juu, na usizisahau. Kwa wiki moja tikisa mtungi kila siku na uangalie kioo. Vipande havikauki sawasawa, vile vyenye unyevu vinagawia vyenzao. Ukiona matone ya maji ndani ya kioo, rudisha vyote kwenye wavu siku hiyo hiyo. Ukungu haungoji kesho.

ZUHURA: Sasa niruhusu nitetee ninachokipenda mimi: kuchachusha. Kilo moja ya kabichi, gramu 20 mpaka 25 za chumvi. Pima kwa mizani, si kwa kiganja. Katakata nyembamba, changanya chumvi, finya mpaka kabichi itoe maji yake yenyewe, shindilia mtungini, weka kitu kizito juu ili kila kipande kizame. Bakteria wa asidi ya laktiki wako tayari kwenye majani, chumvi inawazuia wale wabaya, nao wanashusha pH wenyewe mpaka chini ya ule mpaka wetu. Kwenye nyuzi 21 hivi, wiki tatu au nne.

MUSA: Harufu lakini, dada.

ZUHURA: Harufu utaizoea. Utando mweupe tambarare juu ya maji ni hamira tu, uondoe. Ukungu wenye manyoya, wa bluu au mweusi au waridi, tupa vyote.

MUSA: Na matango? Ya mke wangu yakikaa kwenye siki siku chache yanakuwa laini kama sifongo.

ZUHURA: Anakata ncha?

MUSA: Ncha ipi?

ZUHURA: Ile ya upande lilipokuwa ua. Ina kimeng'enya kinacholainisha tango. Akate kipande chembamba sana pale, milimita mbili zinatosha. Achume yakiwa madogo, asubuhi, na ayatie siku ile ile. Siki iwe ya asilimia 5, na asiipunguze kwa maji kuliko maelekezo yanavyosema.

MUSA: Nitamwambia. Atasema alijua.

ZUHURA: Tumalizie na barua moja. Msikilizaji anasema: "Nilipewa chupa ya vitunguu swaumu ndani ya mafuta, imekaa kabatini mwezi mzima. Haina harufu mbaya. Naweza kuonja kidogo nione?"

MUSA: Usionje!

ZUHURA: Usionje kabisa. Mafuta yanazuia hewa, kitunguu swaumu kimetoka udongoni, uchachu hakuna. Ni yale yale tuliyosema. Mchanganyiko huo ukitengeneza nyumbani unakaa kwenye friji, na utumike ndani ya siku nne. Hiyo chupa usiifungue, ifunge kwenye mifuko miwili, itupe mahali ambapo mtoto wala mnyama hafikii. Na kama kuna aliyekwisha kula, dalili mara nyingi zinaanza kati ya saa 12 na 36, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Anaona vitu viwili viwili au ukungu machoni, kope zinalegea, kumeza kunakuwa kazi, maneno yanatoka mazito. Hospitali papo hapo, usingoje. Dawa ya kuizuia sumu ipo, na inasaidia zaidi ikitolewa mapema.

MUSA: Na amwambie daktari alichokula, na kwamba kilitengenezwa nyumbani.

ZUHURA: Hilo aanze nalo. Wiki ijayo tutazungumzia kutunza mbegu. Musa, njoo umenawa.