Sadaka ya Yatima Ipitie kwa Bibi Yake

Bwana Yesu asifiwe. Mbukwenyi wote. Wanaonifahamu washajua nimekuja kusema nini, na ntasema tena, maana kila Desemba makanisa yetu hapa Dodoma tunapakia mchele na sabuni kwenye gari, tunapeleka kituo cha watoto yatima, tunapiga picha, tunarudi, na njiani tumepita nyumba za mabibi wanaolea wajukuu na hakuna alieshuka hata kusalimia.

Watoto wengi walioko vituoni sio kwamba hawana mtu. Shirika la Save the Children waliandika mwaka 2009 kwamba duniani angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi kwenye vituo wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Sasa kama mama yupo, bibi yupo, mtoto kafikaje kituoni? Njaa jamani. Yunifomu. Mchango wa uji shuleni.

Kuna bibi mmoja Chamwino huko, kijiji naacha. Binti yake na mkwewe walifariki wakamwachia wajukuu watatu, wa kiume wawili na kasichana kadogo. Mwaka huo mvua ilikata mapema, mtama ukakaukia shambani, na nyie mnaijua miezi ile ya Januari mpaka Machi ghalani hakuna kitu. Mzee wa kanisa, kwa moyo mzuri kabisa, akaenda kuongea na kituo kimoja mjini, wakaja na gari wakachukua wale wavulana, kasichana kakabaki kwa sababu walikuwa wanachukua wavulana tu. Yaani ndugu watatu waliolala mkeka mmoja wametenganishwa kwa ajili ya magunia machache ya nafaka! Kule wakala vizuri, wakasoma, sikatai. Yule mkubwa alipofika miaka 18 akaambiwa muda wako umeisha, akapewa begi lake na nauli. Anarudi kijijini anakuta shamba la marehemu baba yake analima mtu mwingine wa ukoo, mbuzi walishagawanwa, na kwenye kikao cha wazee hana wa kumsemea maana hajaonekana msibani wala harusini miaka yote, vijana wa rika lake hawamjui. Akarudi mjini. Leo anasukuma mkokoteni soko la Majengo. Mtoto huyu hakuwa yatima wa ukoo, sisi ndo tulimfanya hivo, na tulitumia sadaka.

Na hesabu mnaijua nyie wahasibu wa kanisa. Mtoto akiwa kituoni unalipia mpishi, mlinzi, matroni, maji, umeme, mafuta ya gari. Akiwa kwa bibi unalipia chakula cha miezi ya njaa, madaftari, na pengine mbuzi wawili wa kuanzia, na mlinzi ni bibi mwenyewe halafu hasinzii.

Najua mtaniambia, mama, kuna watoto wameokotwa jalalani, kuna wanaopigwa na kuchomwa moto na hao hao ndugu. Ni kweli, na hao lazima watolewe hata leo usiku, afisa ustawi wa jamii yupo kwa kazi hiyo, na siku hizi kuna familia za kuaminika zinazopokea watoto wa namna hiyo. Mtanitajia na Kijiji cha Matumaini hapa hapa Dodoma. Wale wamisionari Wakatoliki waliwapokea yatima wenye virusi vya UKIMWI wakati dawa hazijaenea, mpango wa serikali wa kugawa dawa ulianza 2004, na ndugu wengi walikuwa wanaogopa hata kumshika mtoto. Pale palikuwa na sababu. Mimi nauliza sababu ya huyu mtoto wa Chamwino ilikuwa nini.

Tena hao wa ufadhili wenyewe walishahama huko kwenye vituo. Compassion, lile shirika la Kikristo la kufadhili watoto, ilianza 1952 kwa kusaidia nyumba za yatima Korea, kwenye vita, na leo hapa Tanzania wanapitia kanisa la mtaa, mtoto anakuja kwenye huduma afu jioni anarudi kulala kwao. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 imesema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Yakobo nae hakumtaja yatima peke yake, kamtaja na mjane, someni 1:27, sisi tunamchukua yatima mjane tunamwacha mlangoni.

Nlitaka niseme na la picha, hizi za mtoto ana kamasi na nzi zinazotumwa kwa wafadhili na jina lake kamili chini, acheni, mtoto huyo atakua ataziona. Na wageni wanaokuja wiki mbili kubeba watoto na kuondoka, hilo nalo lina mambo yake, mwenyekiti ananionyesha saa.

Kwahiyo wa idara ya wanawake, kabla ya safari ya mwezi huu naomba kila mtaa ulete majina ya kaya zenye wajukuu bila wazazi. Gari ni lile lile, mchele ni ule ule, lipitie huko kwanza. Haya, maswali, aanze yule mama wa nyuma alienyoosha mkono tangu mwanzo.