Imani ya Siku za Kawaida

Bwana asifiwe, wapendwa. Nianze na mtu ambaye wahubiri humpita upesi: Dema. Katika Wakolosai 4 anatuma salamu pamoja na Luka. Katika Filemoni Paulo anamtaja kati ya watendao kazi pamoja naye. Kisha katika 2 Timotheo 4:10 Paulo asema Dema alimwacha, akiupenda ulimwengu huu wa sasa, akasafiri kwenda Thesalonike. Hatuambiwi kwamba alimkana Kristo hadharani. Alifunga safari, basi. Wengi wanaorudi nyuma huondoka hivyo hivyo, bila kelele.

Sasa mtazame Kalebu. Alitumwa kupeleleza nchi akiwa na miaka 40, akaja kuiomba Hebroni akiwa na 85. Katikati pana miaka 45, mingi yake ya kuzunguka jangwani kwa kosa ambalo si lake. Sisi tunapenda kuhesabu mikesha na semina. Leo tuzungumze habari za ile miaka 45.

Kwanza Neno. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, kwa hiyo kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu kila siku, na siku nyingine sura nne. Watu huanza kwa nguvu. Mwanzo inakwenda, Kutoka inakwenda mpaka zile amri kumi, halafu inafika sura ya 25 na 26: mbao, mapazia, vitanzi, na mbele yake Walawi inasubiri. Hapo ndipo mipango mingi hufia. Ukikosa siku nne, tayari sura 12 zinakungoja, na mwenye deni humkwepa anayemdai.

Kwa anayeanza, au anayeanza tena, nashauri Agano Jipya. Lina sura 260: sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 52 kamili. Siku mbili zinazobaki ni za kufidia ulichokosa wiki hiyo, au kurudia sura iliyokushinda. Wiki ikishapita imepita. Usiikimbize, fungua sura ya leo. Jioni weka zaburi moja. Ile ya 119 usiimeze nzima, maana ina mistari 176. Soma fungu moja moja kati ya yale 22, kila moja lina mistari minane.

Sala nayo inataka saa yake. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, na maandiko yanasema ndivyo alivyokuwa akifanya tangu hapo. Amri ya mfalme ya kukataza sala ilimkuta kwenye zamu yake. Dakika kumi kabla ya kushika simu zinatosha kuanzia: shukrani kwa jambo moja, toba, watu watatu kwa majina, kisha nyamaza kidogo.

Penye toba ndipo tunapoharibu. "Bwana, nisamehe nilipokosa" ni sala isiyogusa kitu. Sema: "Asubuhi nilimjibu mke wangu kwa dharau mbele ya watoto." Ukishaitaja hivyo, Mathayo 5:23-24 haikuachi ukae hapo, inakutuma kwake. Na ukifika kwake usiseme "kama nimekukwaza, samahani," kwa sababu hiyo "kama" inamrudishia yeye kesi. Sema: "Nilikudharau. Nimekosa. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza, usianze kueleza ulivyokuwa umechoka. Watoto walisikia dharau, basi na wasikie toba. Asipokusamehe papo hapo, usimdai msamaha kwa kumsomea mistari. Kwa maoni yangu, nyumba nyingi za walokole zimejeruhiwa zaidi na hili kuliko na dhambi kubwa tunazozikemea madhabahuni.

Sadaka itengwe mapema, kama 1 Wakorintho 16:2 inavyoagiza. Anayengoja kitakachobaki kwa kawaida hatoi.

Na ukavu wa kiroho je? Utakuja, hata kwa mtu mwaminifu. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina tumaini mstari wa mwisho, na bado ni sala. Iombe hivyo ilivyo. Lakini kabla ya kusema Mungu amenyamaza, jikague. Kuna dhambi unayoificha? Zaburi 32:3 inasema kunyamaza kulichakaza mifupa. Au umechoka tu? Eliya alipotaka kufa, alipewa mkate, maji na usingizi, akaamshwa akala tena, ndipo baadaye akaulizwa anafanya nini pale Horebu. Mtu anayepata usingizi wa saa nne tu kila usiku asikimbilie kufunga, alale kwanza.

Mwisho, tafuta mtu mmoja wa jinsia yako, asiyekuogopa wala kukutegemea kwa riziki. Kila wiki, siku ile ile, robo saa hata kwa simu, muulizane: umefika sura gani, na ni nani hujapatana naye? Akikosa wiki mbili bila kupokea simu, usimtangaze kwenye kikundi cha maombi. Nenda kwake.