Nani Anaamuru Jicho Liende Wapi?

Wazazi wetu, ndugu wanafunzi, asanteni kwa kupanda mlima na jua hili kuja kunisikiliza.

Nyoosheni mkono mbele, mtazame ukucha wa kidole gumba. Sehemu ambayo jicho linaiona kwa ukali kabisa inakaribia upana wa ukucha huo tu. Pembeni kote picha ina ukungu. Ndiyo maana jicho halitulii. Linaruka karibu mara 3 kwa sekunde, na kabla ya kila mruko ubongo lazima uchague: sasa wapi?

Wiki jana nilikuwa soko la Kadutu namtafuta dada yangu. Nilijua amevaa kikwembe cha njano. Basi macho yangu yakawa yanatua kwenye bidoni! Bidoni ya mafuta, bidoni ya maji, zote za njano, moja baada ya nyingine, na mimi sikuwa na haja nazo. Ghafla pikipiki ikachomoka ubavuni, macho yakaifuata kabla mwenyewe sijajua. Hapo zilikutana nguvu mbili: kile ninachokitafuta, na kile kinachojitokeza bila kuomba ruhusa.

Zinakutana sehemu kadhaa za ubongo. Mimi ninayoipenda zaidi ni kolikulasi ya juu, kwenye shina la ubongo. Kwa Kilatini jina hilo maana yake ni kilima kidogo, na sisi wa Bukavu vilima tunavijua. Kilima hicho kimebeba ramani ya vyote vilivyo mbele yetu. Kila kinachovutia kinaamsha seli za mahali pake kwenye ramani, na seli zinashindana: kundi linalopata nguvu linayakandamiza makundi yaliyo mbali nalo, na litakaloshinda ndilo linalolipeleka jicho. Vitu viwili vikikaribiana mno, jicho mara nyingi linatua katikati yao, patupu, kisha linajirekebisha.

Mwaka 2004 watafiti McPeek na Keller walizima kwa muda sehemu ya kilima hicho kwenye ubongo wa kima. Lengo alilopaswa kulitazama likiwa peke yake, kima alilitazama. Likizungukwa na vitu vingine, macho yake mara nyingi yalikwenda pasipo penyewe. Kwa hiyo kilima hakisukumi jicho tu, kinachagua.

Tena kuna breki. Seli za eneo jirani, liitwalo dutu nyeusi, zinakibana kilima hicho muda wote. Watafiti Hikosaka na Wurtz walionyesha mwaka 1983 kwamba seli hizo hunyamaza kidogo kabla jicho halijaruka. Mzee mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoiathiri dutu hiyo, ukimwomba atazame pale unapotaka, mara nyingi jicho lake linaishia njiani, halafu linafika kwa hatua ndogondogo. Tafadhali, msiseme anawadharau. Mpeni muda afike.

Dada yangu hakuwa mbali. Alipunga mkono mara moja tu, macho yakaziacha bidoni zote yakaenda kwake.