Baba wa mnazi ndani ya kichupa

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, hapa mezani nimeweka nazi moja na kichupa kisichozidi kidole cha mwisho. Ndani yake mna unga wa manjano hafifu. Hiyo ni chavua ya mnazi mrefu wa kwetu pwani.

Punje ya mahindi ukiikausha vizuri na kuiweka kwenye baridi, inadumu miaka mingi. Nazi haikubali. Ukiikausha inakufa, ukiigandisha inakufa, ukiiacha ghalani inachipua bila kukuuliza. Kwenye chavua mambo yanageuka: ya mahindi hufa ndani ya saa chache ikipigwa na upepo mkavu, ilhali ya mnazi inavumilia kukaushwa. Kwa hiyo kisichowezekana kwa nazi kinawezekana kwa unga huu.

Kazi inaanzia juu. Mkwezi anapanda, anakata vijiti vya maua kwenye karara, lile ganda la maua ya mnazi, lililopasuka, vikiwa na maua dume ambayo hayajafunguka. Tunayapondaponda taratibu, tunayakausha kwenye nyuzijoto 40 kwa siku nzima hivi, kisha tunachekecha. Kinachopita kwenye chekeche ndicho hiki. Kikiachwa mezani, hakimalizi siku nyingi. Kwenye friza kinakaa miezi. Kule Kasaragod, India, watafiti waliiweka chavua ya mnazi kwenye nitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na baada ya miaka kadhaa ikaota.

Friza pekee haitoshi, na hili nimejifunza kwa hasara. Siku moja nilitoa kichupa kwenye friza, kwa haraka zangu nikafungua kizibo papo hapo. Mvuke wa hewa yetu ya pwani ukaingia, ukageuka umande, unga ukashikana kama sukari iliyopata maji. Nilipouotesha kwenye maji ya sukari na asidi ya boriki kidogo na kuutazama kwa hadubini, hapakuwa na kilichochomoza mkia. Tangu hapo nagawa chavua kwenye vichupa vidogovidogo, kimoja kwa kazi moja, na nakiacha kizibo kimefungwa mpaka kichupa kiishe baridi yake.

Faida yake ni nini? Mkitamli, yaani mnazi mfupi, ukifunua maua jike leo, baba unayemtaka huenda ameshamaliza kumwaga chavua yake, au yuko Mtwara na wewe uko Tanga. Kichupa kinawakutanisha. Unaondoa maua dume ya mkitamli, unalifunika kole, yaani shada la maua, kwa mfuko, unasubiri ua jike litoe utomvu mtamu, unapuliza chavua iliyochanganywa na poda.

Ila msije mkadhani kichupa ni mnazi. Hiki ni upande wa baba tu. Hakioti shambani, kinahitaji mama aliye hai. Ukitaka kumrudisha baba kutoka humu, mtoto wa kwanza ana nusu yake, mtoto huyo ukimchavusha tena kwa chavua ileile, mjukuu ana robo tatu, na kizazi cha tano kinakaribia asilimia 97. Kwa mnazi, hiyo ni miaka 30 hivi. Na vile vinasaba vilivyo nje ya kiini cha seli, kwa mimea mingi vinapita kwa mama. Hivyo hamvipati hata mkirudia mara mia.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema, "kateni tu, chavua tumeshaweka." Ugonjwa wa kunyong'onyea umeangusha minazi mingi pwani, na aina nyingi zilizoletwa kutoka nje ziliuugua zikafa. Lakini kuna mashamba ambako mmoja au miwili imebaki imesimama katikati ya vigogo. Labda ina kinga, labda ni bahati. Kujua kunataka watoto wake wajaribiwe.

Mwenye mnazi wa namna hiyo, kabla hajapatana na wachana mbao, aniite. Mkwezi nakuja naye mimi, na ujira wake juu yangu.